Miaka 9 kazini, njia akapewa wa miaka 5: nani mwenye haki?

Msomaji mmoja, dereva wa lori Marekani, ameniandikia. Nimefupisha barua yake na kuondoa yanayoweza kumtambulisha:

"Mzee wangu, shikamoo. Nina miaka 9 katika kampuni ya mizigo yenye chama, sisi ni Teamsters, chama cha madereva wa malori. Miaka 2 ya kwanza nilikuwa dokini nikipakia na kupakua, 4 nikaendesha lori la mjini, na hii 3 ya mwisho niko masafa marefu. Majuzi ilibandikwa njia ya usiku yenye maili nyingi ili madereva waiombe, ikakaa ubaoni siku 7. Masharti: idhini ya tela mbili na idhini ya mizigo hatari. Ya tela mbili ninayo. Ya mizigo hatari nilikuwa nimeomba na alama za vidole nimeshatoa. Jibu lilifika siku 8 baada ya tangazo kufungwa, na njia yenyewe ilianza wiki 3 baada ya kufungwa. Akapewa kijana mwenye miaka 5, yote kaitumikia masafa marefu. Idhini yake aliipata Machi, kampuni ikamlipia mafunzo. Sisi wengine hatukuambiwa. Nilipouliza, bosi alisema sina idhini. Kesho yake akasema kijana ni mkongwe kuliko mimi. Siku ya tatu akataja ajali yangu ya kurudi nyuma ya miaka 2 iliyopita, na kwamba kijana 'ana mawasiliano mazuri'. Mwakilishi wetu wa chama anasema hawezi kupigana kwa sababu kijana naye ni mwanachama. Je, njia ile si haki yangu? Ukongwe una maana gani basi?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na jibu lisilopendeza: kwa njia ile, naona utashindwa. Lakini kuna jambo jingine umelitaja kwa sentensi moja ukalipita, na hilo naona unaweza kulishinda. Nimekaa upande wa wafanyakazi kwenye meza ya malalamiko kwa muda mrefu, na nimeona dereva baada ya dereva akiingia akigombea kilichomuuma, huku kile mkataba ulichomwahidi kimelala kwenye faili hakijaguswa.

Tuanze na ukongwe, maana hapo ndipo hesabu yako ilipopinda.

Dereva akisema "nina miaka 9" huwa anahesabu tangu siku ya kwanza aliyopewa ufunguo wa kabati. Mkataba wa hali bora unaweza kuwa na tarehe tatu za mtu mmoja, na zote zikawa sahihi: tarehe aliyoajiriwa na kampuni, tarehe aliyofika yadi hiyo, na tarehe aliyoingia kwenye orodha ya kazi anayoifanya sasa. Kila tarehe ina kazi yake. Katika kampuni nyingi za mizigo mchanganyiko, yaani ya wateja wengi ndani ya lori moja, likizo huhesabiwa kwa tarehe ya kuajiriwa, huku kuchagua njia kukifuata tarehe ya kuingia orodha ya masafa marefu. Ndiyo maana mtu huwa na uhakika kabisa na anachokiamini: kila mwaka anapata likizo ya mtu wa miaka 9, basi anajua yeye ni wa miaka 9. Siku ya njia kubandikwa ndipo anapokuta kwamba kwa ubao ule yeye ni mtoto wa miaka 3.

Kama mkataba wenu uko hivyo, bosi wako siku ya pili hakukudanganya. Kijana ana 5 dhidi ya 3 zako. Kama mkataba wenu unafuata ukongwe wa yadi, bila kujali ulikuwa dokini au nyuma ya usukani, wewe una 9 na yeye ana 5, na bosi amekosea. Mimi sijauona mkataba wenu, kwa hiyo hili ulitafute mwenyewe: fungua kifungu cha ukongwe, kisha fungua nyongeza ya eneo lenu. Mikataba ya Teamsters upande wa mizigo huwa na shina la taifa na matawi ya maeneo, na mara nyingi neno linaloamua liko kwenye tawi, watu wakilitafuta kwenye shina.

Halafu kaitazame orodha yenyewe iliyobandikwa yadini. Mikataba mingi inasema orodha ya ukongwe ibandikwe kila baada ya muda fulani, na mwenye kupinga nafasi yake apinge ndani ya siku zilizotajwa. Zikipita, orodha imekwisha. Kama jina lako limekaa chini ya la kijana kwa miaka 3 nawe ulikuwa unapita pale ukielekea kwenye mashine ya kahawa bila kusema neno, swali la kwanza la kamati ya malalamiko litakuwa hilo.

Mpangilio huu wa orodha mbili, mjini na masafa marefu, una historia chungu, na kesi yake kubwa kuliko zote ni ya madereva wa malori. Kampuni ya T.I.M.E.-D.C. ilikuwa na madereva 1,828 wa masafa marefu mwaka 1971. Kati yao, weusi walikuwa 8 na wenye majina ya Kihispania 5. Wenzao waliwekwa kwenye kazi za mjini na za gereji zenye malipo madogo, na aliyetaka kuhamia masafa marefu alilazimika kuacha ukongwe wake wote wa kugombea kazi mlangoni na kuanza mkiani. Nani atakubali, na watoto anao, na anajua wa mkiani ndiye wa kwanza kupunguzwa kazi ikiyumba? Mwaka 1977 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mambo mawili yanayovutana. Mpangilio wa orodha mbili wenyewe si haramu, maadamu haukutungwa kwa nia ya kubagua, hata kama unaendeleza madhara ya ubaguzi wa zamani. Lakini mtu mmoja mmoja aliyenyimwa kazi ya masafa marefu kwa ubaguzi baada ya sheria ya haki za kiraia kuanza kufanya kazi mwaka 1965 anaweza kurudishiwa ukongwe ambao angekuwa nao. Nakueleza haya kwa sababu nimewahi kusikia madereva wakisema "hii ya kuanza upya ni kinyume cha sheria". Kwa yenyewe, siyo. Chama na kampuni wakikubaliana hivyo kwa nia njema, inasimama.

Twende kwenye sifa, kwani hata ukiwa mkongwe zaidi, ukongwe peke yake haufungui mlango wa njia hii.

Kifungu cha njia na nafasi huja kwa sura kuu tatu. Ipo inayosema mkongwe anachukua, basi. Hiyo ni adimu kwenye kazi yenye leseni. Ipo inayosema mkongwe anachukua akiwa na sifa za kutosha. Na ipo inayosema ukongwe utaamua pale tu sifa za waombaji zinapolingana. Hizi mbili za mwisho watu huzichanganya, na tofauti yake ni usiku na mchana. Kwenye "sifa za kutosha", hakuna mashindano. Kampuni haina ruhusa ya kuuliza nani bora. Inauliza je, huyu mkongwe anaiweza kazi? Akiiweza, hata kama mdogo wake ni malaika wa usukani, mkongwe anaondoka na njia. Kwenye "zinapolingana", kampuni inaweza kuwapima wawili, na mdogo akimzidi mkubwa kwa kiasi kinachoonekana, anachukua yeye. Waamuzi wengi wa migogoro ya kazi pia huligawa jukumu la kuthibitisha kwa kufuata sura hizo: kwenye "kutosha", chama kikishaonyesha kwamba mtu wake ni mkongwe, kampuni ndiyo yenye kazi ya kuonyesha kwamba hana sifa. Mikataba ya madereva wa mizigo, kwa ninavyoifahamu, huelemea sura ya pili, na hiyo ni bahati kwako kwa sababu nitakayoifikia.

Sasa, sifa zenyewe nazo ni za aina mbili, na hapa ndipo ningependa usome polepole.

Kuna sifa za serikali. Hizo hakuna wa kuzisamehe: kampuni haiwezi, chama hakiwezi, mwamuzi hawezi. Leseni ya daraja linalofaa, miaka 21 kwa safari za kuvuka majimbo, cheti cha afya ambacho hakizidi miezi 24, na herufi za idhini kwenye leseni: T kwa tela mbili au tatu, N kwa tangi, H kwa mizigo hatari, X kwa tangi na mizigo hatari pamoja. Na kuna sifa za kampuni: muda wa uzoefu, rekodi ya ajali, kuijua njia, mtihani wa ndani. Hizi za pili zinajadilika. Unaweza kuuliza ziliandikwa lini, zimewahi kutumika kwa nani, zina uhusiano gani na kazi. Za kwanza hazina mjadala. Mwamuzi atakayeamuru dereva asiye na H apewe njia ya mizigo hatari angekuwa anaamuru uvunjaji wa sheria, na hakuna anayetaka jina lake kwenye karatasi hiyo.

Wewe ulikosa sifa ya serikali siku ya kufungwa kwa tangazo. Najua utasema: lakini njia ilianza wiki 3 baadaye, na mimi jibu lilikuwa tayari. Ni hoja nzuri, na nimeshawahi kuipigania. Inasimama tu kama mkataba au tangazo linasema sifa zitazamwe siku ya kuanza. Likikaa kimya, desturi ndiyo inayosema: je, kuna dereva aliyewahi kupewa njia kwa sharti kwamba akamilishe karatasi kabla ya siku ya kwanza? Kama yupo hata mmoja, mtafute, pata tarehe zake. Kama hayupo, siku ya kufunga ndiyo siku.

Na kuna jambo dogo ambalo kampuni italijua hata kama wewe hulijui. Lile jibu la TSA, mamlaka ya usalama wa usafiri, siyo idhini. Ni ruhusa ya kwenda kuipata idhini. Tangu tarehe 7 Februari 2022, anayeomba H kwa mara ya kwanza anatakiwa amalize pia mafunzo ya nadharia kwa mtoa mafunzo aliyesajiliwa, afaulu mtihani wa maandishi, kisha jimbo ndilo linalotia herufi kwenye leseni. Umesema "jibu lilifika". Hukusema "herufi iko kwenye leseni". Kama bado haijatiwa, hoja yako ya wiki 3 haina miguu.

Nilifundishwa somo hili kwa aibu. Miaka yangu ya mwanzo nikiwa mwakilishi nilimpeleka mbele ya kamati dereva mwenye miaka zaidi ya 20 barabarani, mtu ambaye hata wasimamizi walimwamkia. Nilijiandaa kuzungumza nusu saa kuhusu rekodi yake. Upande wa kampuni uliuliza swali moja: siku tangazo lilipofungwa, cheti chake cha afya kilikuwa hai? Kilikuwa kimekwisha siku 4 kabla. Alikuwa amekipata kipya wiki hiyo hiyo, lakini baada ya kufunga. Tulikuwa nje kabla chai haijapoa. Mpaka leo, mtu akinipigia simu kuhusu ukongwe, kabla hajamaliza salamu namuuliza tarehe.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ya bosi wako inasimama. Ya pili inaweza kusimama, kutegemea orodha. Ya tatu na ya nne hazina mashiko, na ni vizuri kwako kwamba alizitaja.

Chukua ajali ya kurudi nyuma. Kama ajali ya miaka 2 iliyopita inakuondolea sifa ya kuendesha usiku, kwa nini usiku huu huu unaendesha njia nyingine ya kampuni hiyo hiyo? Sharti la ajali lilikuwa kwenye tangazo? Kwa barua yako, halikuwamo. Mikataba mingi huzipa barua za onyo umri wa miezi kadhaa, kisha zinakufa. Kampuni haiwezi kuifukua maiti kwa sababu tu njia imebandikwa. Na "mawasiliano mazuri" ndiyo sentensi iliyonifanya niweke miwani. Kanuni ya shirikisho, 391.11, inamtaka dereva ajue Kiingereza cha kutosha kuzungumza na watu, kuelewa alama za barabarani, kujibu maswali ya maafisa na kujaza ripoti. Tangu Juni 2025 wakaguzi wa barabarani wanaweza kumsimamisha asiendelee dereva anayeshindwa hapo. Lakini kanuni hiyo ni kwa njia zote. Kama kampuni inaamini Kiingereza chako hakitoshi, isingekuacha uendeshe hata maili moja. Ikikuona unafaa kwa njia ya maili 400 lakini hufai kwa ya 500, basi haizungumzii kanuni. Inazungumzia lafudhi, au inazungumzia ulikotoka. Hilo ni shauri jingine kabisa, la ubaguzi, lenye mlango wake: tume ya fursa sawa za ajira, EEOC, ambako una siku 180 kupeleka lalamiko, au 300 pale jimbo lina chombo chake cha kushughulikia ubaguzi. Sikwambii ukimbilie huko kwa maneno mawili ya msimamizi aliyechoka. Nakwambia uyaandike leo: siku, saa, nani alikuwepo, maneno yenyewe kama yalivyotoka.

Tena kubadilika kwa sababu ni ushahidi wenyewe. Mtu mwenye sababu moja ya kweli huirudia. Mwenye sababu nne kwa siku tatu huwa alifanya uamuzi kwanza, sababu akazitafuta baadaye. Kamati zina pua ya kunusa hilo.

Sasa ile sentensi uliyoipita.

Umesema Machi kampuni ilimlipia kijana mafunzo na ninyi wengine hamkuambiwa. Ndugu yangu, kesi yako iko hapo. Fikiria jinsi ilivyokwenda: kampuni inajua, au inaweza kujua, kwamba njia zitahitaji H. Inamchagua mdogo, inamfundisha kimya kimya kwa gharama yake, halafu inabandika njia yenye sharti ambalo yeye tu anaweza kulitimiza. Ubaoni, ukongwe umeheshimiwa: mkongwe hana sifa, mdogo anazo. Lakini sifa yenyewe iligawiwa nyuma ya pazia bila kufuata ukongwe. Nimeliona hili kwenye tela mbili, kwenye matangi, hata kwenye mafunzo ya kufundisha madereva wapya. Msimamizi mwerevu hahitaji kuvunja kifungu cha njia. Anakizunguka kupitia kwenye mafunzo.

Mikataba mingi ina maneno kuhusu hilo. Tafuta "mafunzo", "fursa ya kupata sifa", "kupanda daraja". Mara nyingi utakuta kwamba nafasi za mafunzo ya kulipiwa zitangazwe, na zitolewe kwa ukongwe. Ukikuta hivyo, lalamiko lako si kwamba ulinyimwa njia. Ni kwamba ulinyimwa mafunzo ya Machi, na kukosa njia ni matokeo yake. Kwa kesi hiyo, H yako kuchelewa siku 8 inageuka kuwa hoja yako: ungeambiwa Machi pamoja na mwenzako, ungekuwa nayo muda mrefu kabla ubao haujabandikwa. Na hapo sura ya "sifa za kutosha" inakubeba, maana kampuni haiwezi tena kusema kijana ni bora. Inabaki kueleza kwa nini wewe hukupewa nafasi ya kutosheleza.

Kuna tundu moja, nikuambie mapema lisije likakushtua mezani. Kama ukongwe wa masafa marefu ndio unaotawala hata mafunzo, kijana bado yuko mbele yako na 5 zake, na aliyedhulumiwa ni yule mwenye 8 au 12 ambaye naye hakuambiwa. Muulize huyo. Pengine lalamiko zuri zaidi ni la kundi, jina lako likiwa la tatu.

Mkishindwa kupata kifungu cha mafunzo, hoja inabaki ya desturi, na ni dhaifu zaidi lakini haijafa: mafunzo ya nyuma yalitangazwa? Nani alikwenda? Kwa mpangilio gani? Hayo majibu yako kwenye makabati ya kampuni, na mwakilishi wako ana njia ya kuyapata. Mahakama Kuu ilishakubali tangu 1967 kwamba chama kina haki ya kupewa taarifa zinazohusika ili kipime kama lalamiko linafaa kupelekwa mbele. Wewe peke yako ukiomba orodha ya waliofundishwa utaambiwa ni siri. Chama kikiomba kwa maandishi, kunyimwa ni kosa la kampuni chini ya sheria ya mahusiano kazini.

Hilo linanileta kwa mwakilishi wenu na ile kauli ya "kijana naye ni mwanachama". Sijui kama alichoka au haelewi, lakini si sahihi. Kila mgogoro wa ukongwe ni mwanachama dhidi ya mwanachama. Kama hiyo ingekuwa sababu ya kukaa pembeni, vifungu vya ukongwe visingekuwa na mlinzi. Kesi iliyolifunga hili ni ya madereva tena, Humphrey dhidi ya Moore, ya mwaka 1964. Kampuni mbili zilikuwa zikisafirisha magari mapya kutoka kiwanda cha Ford cha Louisville, Kentucky, na kazi ikabaki ya kutosha kampuni moja tu. Madereva wa pande zote mbili walikuwa chama kimoja. Kamati ya pamoja ikaamua orodha mbili ziunganishwe na kila mtu akae kwa tarehe yake ya kuajiriwa. Kampuni iliyoondoka ilikuwa kongwe, kwa hiyo madereva wake waliwasukuma wenyeji nje ya kazi. Wenyeji wakashtaki: chama chetu kimetuuza. Mahakama ikasema hapana. Chama kinaruhusiwa kuchagua upande kati ya wanachama wake, maadamu kinafanya hivyo kwa uaminifu, kwa nia njema, bila uadui wala ubaguzi.

Maana yake kwako ina ncha mbili. Mwakilishi hawezi kukukataa kwa sababu tu kuna mwanachama upande wa pili. Lakini akichunguza, akasoma mkataba, akaona kijana ndiye mwenye haki, anaweza kukuambia hapana na sheria ikamlinda. Kesi ya Vaca dhidi ya Sipes, 1967, ilitaja kinachokatazwa: kumtendea mwanachama kiholela, kwa ubaguzi, au kwa nia mbaya. Kukosea kwa nia njema hakumo. Kutochunguza kabisa kunaweza kuwamo. Madereva wa kampuni ya Anchor Motor Freight walifukuzwa mwaka 1967 kwa madai kwamba walidai fedha za moteli zaidi ya walizolipa. Waliomba chama kikaichunguze moteli, chama kikawaambia wasiwe na wasiwasi, na kamati ikathibitisha kufukuzwa. Baadaye ikajulikana karani wa moteli ndiye aliyekuwa akiandika kidogo kwenye rejista na kuweka tofauti mfukoni. Mwaka 1976 Mahakama Kuu ikasema uamuzi wa kamati hauwi ukuta mbele ya mfanyakazi kama chama kimeuharibu mwenendo kwa kuvunja wajibu wake.

Usianze na mahakama, lakini. Kesi za kukishtaki chama ni ghali, ni ngumu, na muda wake ni mfupi: miezi 6, kwa uamuzi wa 1983 katika kesi ya DelCostello, naye pia dereva wa lori. Anza kwa kumwandikia mwakilishi ujumbe wa heshima kwamba unaomba lalamiko liandikwe, na kwamba kama anaona halifai, akueleze kwa maandishi ni kifungu gani kimemfanya aone hivyo. Ujumbe wa namna hiyo humwamsha mtu. Asipojibu, nenda kwa ofisa wa tawi lenu aliye juu yake.

Siku, ndugu. Mikataba huhesabu muda wa lalamiko kwa siku, si kwa miezi. Kwa njia yenyewe huenda ulishachelewa, kwani zaidi ya wiki 3 zimepita. Kwa mafunzo, unaweza kusema siku zinaanza pale ulipojua, na ulijua baada ya njia kutolewa. Hoja hiyo hukubalika mara nyingine na hukataliwa mara nyingine, na kila siku unayongoja inaidhoofisha. Lalamiko lisilokamilika lililowahi ni bora kuliko zuri lililochelewa.

Kijana usimguse. Usimnunie kantini, usimseme kwenye kundi la WhatsApp. Yeye aliambiwa aende mafunzo akaenda. Wewe ungeambiwa ungekwenda. Zaidi ya hapo, ndiye shahidi wako. Anajua nani alimwita, lini, kwa maneno gani. Nimewahi kushinda lalamiko kwa maelezo ya dereva aliyefaidika, kwa sababu mlalamikaji alikuwa na busara ya kuendelea kumsalimia.

Mkishinda mtapata nini? Kamati za pamoja za Teamsters huwa na idadi sawa ya watu wa chama na wa kampuni, mara nyingi bila wanasheria, na hupenda suluhisho la vitendo. Zisipokubaliana, shauri hupanda ngazi, na mwisho wa mikataba mingi ni mwamuzi wa nje. Usitarajie wamtoe kijana kwenye njia leo. Kinachowezekana zaidi ni amri kwamba mafunzo yatangazwe na kutolewa kwa ukongwe, wewe uingizwe mafunzo yajayo au urudishiwe ulicholipa kwa H yako, na pengine malimbikizo ya tofauti ya maili tangu njia ianze. Tofauti hiyo anza kuihesabu sasa kwenye daftari: maili zako za kila usiku dhidi ya maili za njia ile, mara kiwango chenu kwa maili. Na njia nazo hubandikwa upya. Mikataba mingi hufungua ubao wote mara moja au mbili kwa mwaka. Duru ijayo hakikisha huna karatasi hata moja inayosubiri.

Lalamiko lako liandike hivi, ubadilishe namba za vifungu tu: "Kampuni ilivunja kifungu cha mafunzo, kifungu cha ukongwe, na vifungu vingine vyote vinavyohusika, ilipotoa mafunzo ya kulipiwa ya mizigo hatari mwezi Machi bila kuyatangaza na bila kufuata ukongwe, na hivyo kuninyima fursa ya kupata sifa za njia iliyobandikwa tarehe fulani. Naomba nirudishiwe kila nilichopoteza, kwa kila namna." Yale maneno "vingine vyote vinavyohusika" usiyaache, ndiyo yanayokuokoa ikigundulika baadaye kwamba kifungu chako kiko ukurasa mwingine. Usiandike habari za ajali, mawasiliano, wala sababu nne za bosi. Hizo ziache kwenye daftari lako, azieleze yeye mwenyewe akiulizwa mezani. Tia sahihi, weka tarehe, piga picha ya karatasi kabla hujaikabidhi, na umwombe anayeipokea aandike saa.

Halafu asubuhi nenda ofisi ya leseni na lile jibu la TSA, ukaitie hiyo H.